Babu alipigana Kagera lakini maisha yake yalikuwa ziwa na wajukuu, kumbukumbu yake niiandikeje?

Mjukuu wa Majita:

Wakuu habari zenu. Naombeni mawazo hasa nyie wenye wazazi au mababu waliokuwa jeshini, na kama kuna wastaafu wenyewe humu ndo nitafurahi zaidi.

Babu yetu mzaa baba alitutoka mwaka jana. Sasa tunajiandaa na ibada ya kumbukumbu nyumbani Majita, kando ya Ziwa Victoria, kaburi litajengewa, ndugu watatoka Mwanza, Dar na wengine Kahama huko, na mimi nimepewa kazi ya kuandaa kile kijitabu wanachogawiwa watu wakifika. Wameniambia chukua tu wasifu uliosomwa siku ya mazishi, weka na picha, peleka steshenari wachape. Nimeuchukua nimeusoma, na kila nikiusoma roho inaniuma. Alizaliwa, akasoma mpaka darasa la saba, akajiunga na JWTZ, akaenda kozi hii na hii, akashiriki Vita vya Kagera, akatunukiwa nishani, akastaafu, ameacha mjane, watoto, wajukuu na vitukuu. Hakuna uongo hata mmoja humo. Lakini toa jina lake weka la mstaafu mwingine yeyote wa rika lake, wasifu unabaki vilevile.

Sasa ngoja niwaambie babu alikuwa nani. Alipostaafu wenzake wengi walibaki mjini, ye alichukua mafao yake akachongesha mtumbwi kabla hata hajaezeka nyumba vizuri, bibi mpaka leo anaikumbushia hiyo. Kuvua kwake ilikuwa ndoano, nyavu hakuzitaka kabisa, alikuwa anasema nyavu ni za mtu mwenye haraka. Saa kumi na moja alfajiri ameshaingia majini, na ukiwa likizo kwake kuna zamu, ameandika kwa chaki nyuma ya mlango majina ya wajukuu wote wa kike kwa wa kiume, leo nani kesho nani, na zamu yako ikifika hakuna cha usingizi. Kwenye mtumbwi kitu cha kwanza unafundishwa kukaa. Unakaa katikati, magoti umebana, hugeuki ghafla, hucheki hovyo, mpaka aridhike ndo anakupa uzi. Huo uzi anauzungusha kwenye kidole chako cha shahada mzunguko mmoja tu, anakwambia samaki akigusa utamsikia kidoleni kabla hujamwona, usivute, hesabu kimoyomoyo moja mbili tatu, ndo uvute. Mi sato wangu wa kwanza nilimpata hivyo nikiwa darasa la tatu, na yule samaki hakuuzwa, alipelekwa kwa bibi na wakati wa kula babu akatangaza mbele ya wote nani kamvua.

Na siyo ziwa tu. Jua likipoa anatupandisha kwenye yale mawe makubwa nyuma ya nyumba anatufundisha miti, huu dawa ya tumbo, huu moshi wake unafukuza mbu, huu usiuguse hata kidogo. Shangazi yetu wa mwisho alivyojifungua akiwa bado anasoma, babu ndo alikuwa anambeba mtoto mgongoni kwa kitenge akaenda naye shamba la mihogo ili binti yake amalize shule. Majirani walishamzoea, mzee wa jeshi, koplo mzima, na mtoto mgongoni.

Vita alikuwa haongelei. Tulijua alifika mpaka Kampala kwa sababu ya ile nishani na kwa sababu kuna wazee wenzake walikuwa wanakuja kumtembelea. Mara mojamoja tena mkiwa majini tu, mmekaa kimya muda mrefu, anasema kitu kimoja kisha basi. Mfano aliwahi kuniambia kule Lukaya kulikuwa na mafunjo kama haya ya hapa kwetu. Nikasubiri aendelee, hakuendelea.

Baba mkubwa msimamo wake ni kwamba mwanajeshi anakumbukwa kama mwanajeshi, mambo ya samaki na mtumbwi ni ya kuongea jioni kwenye mkeka siyo ya kuchapa, watu watatushangaa. Sitaki kubishana naye kwa sababu ye ndo mkubwa wa familia na kiukweli simwoni kama amekosea kujivunia jeshi la baba yake. Ila naona tukichapa ule wasifu peke yake vitukuu wakija kusoma miaka 30 ijayo watakuwa hawajakutana naye. Nyie mlifanyaje? Vita inakaa wapi na mtu mwenyewe anakaa wapi?

---

Sajinitaji Mstaafu:

Mjukuu pole sana kwa msiba, na shikamoo zote mfikishie bibi.

Mimi nilikuwepo Kagera. Nilikuwa kijana sina muda mrefu toka nitoke depo, na Novemba 2 mwaka 1978 Mwalimu alivyotangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, sisi tulikuwa tumezunguka redio moja watu wengi mpaka wa nyuma wanaambiwa na wa mbele Mwalimu kasemaje.

Sasa nikwambie kitu ambacho kwenye wasifu hakiandikwi. Watu wanadhani askari wakiwa vitani wanaongea vita. Hapana. Usiku kwenye handaki tulikuwa tunaongea kwetu. Mwenzangu mmoja Mnyakyusa kila tukisimama mahali anachimbua udongo kwa kisu, anausaga kiganjani, anakwambia huu migomba itakubali, huu hapana, na tulivyoingia kule kuelekea Masaka akaona ile migomba ya Waganda ilivyonenepa yule bwana alikuwa haamini macho yake, anasema vita ikiisha nikirudi nyumbani nitapanda hivi hivi kwa mistari hii. Mwingine Msukuma anajua ng'ombe wote wa baba yake kwa majina na anatutajia mmoja mmoja na tabia zake, mpaka na sisi tukawajua, tukimaliza kula mtu anamuuliza haya tuambie yule mwenye pembe moja aliishia wapi. Hayo ndo yalikuwa yanatuweka sawa. Kwa hiyo babu yako kuchonga mtumbwi kabla ya kuezeka nyumba mimi wala sishangai, inawezekana kabisa huo mtumbwi alishauchonga kichwani miaka mingi akiwa amelala chini kwenye matope.

Na hilo la Lukaya nataka ulielewe vizuri mjukuu, kwa sababu naona umelipita harakaharaka. Tulivuka mpaka wa Uganda pale Mutukula Januari 1979, Masaka tukaichukua Februari, halafu mbele yake ndo Lukaya, mwezi Machi. Pale njia ni moja, barabara imepita juu ya kinamasi, kulia mafunjo kushoto mafunjo, huna pa kujificha na huna pa kukimbilia. Hapo ndipo tulipokutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin pamoja na askari wake. Brigedi ya 201 ilipigwa ikarudi nyuma usiku ule, watu wakapotezana humo kwenye mafunjo, maji mpaka kifuani, huoni mwenzako unasikia tu matete yanavunjika hujui ni rafiki au adui. Kesho yake ndo brigedi ya 208 ya Mwita Marwa ikawazunguka kwa ubavuni na mambo yakageuka. Kampala tukaingia Aprili, ikawa mikononi mwetu tarehe 11. Kutoka Mutukula mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na sisi askari wa miguu tuliitembea, tena masika.

Kwa hiyo mzee alivyokuonyesha mafunjo ya ziwani kwenu akasema kule kulikuwa na mafunjo kama haya, alikuwa amekuambia jambo kubwa, na alikuambia wewe. Mtu aliyepita pale halafu akachagua kuishi pembezoni mwa mafunjo maisha yake yote na kuwapeleka watoto humo alfajiri, hiyo ndo habari yenyewe ya kuandika. Usimtenganishe, huku mwanajeshi huku mvuvi. Andika huyo huyo mmoja. Anza popote unapotaka lakini hayo maneno yake ya Lukaya yaandike kama alivyoyasema, na chini yake eleza Lukaya ilikuwa nini ili kitukuu asiyejua aelewe. Baba yako mkubwa atapata jeshi lake na wewe utapata babu yako.

Halafu fanya haraka kuwatafuta hao wazee waliokuwa wanamtembelea. Tunaondoka. Hata Jenerali Musuguri aliyetuongoza kule, aliyeanzia KEYA, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, mwaka 1942, ameshatutoka Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Sisi wadogo zake ndo tumebaki, na wengi wetu hakuna aliyewahi kutuuliza kitu.

---

Mwana wa Missenyi:

Mkuu pole. Mi naomba nimuunge mkono kidogo baba yako mkubwa, usije ukaipunguza vita mpaka ikawa mstari mmoja.

Mi ni wa Kyaka huku. Amin alivyovamia mwishoni mwa Oktoba 1978 wazazi wangu walikuwa ng'ambo ya kaskazini ya mto, na Novemba 3 daraja la Kyaka likapigwa likakatika. Mama alikuwa na ujauzito wa kaka yangu mkubwa. Walikimbia na kilichobebeka, ng'ombe wakaswagwa Uganda, nyumba zikachomwa, watu wakauawa na wengine walichukuliwa hawakurudi. Magofu ya kanisa pale Kyaka bado yapo mpaka leo ukipita barabarani utayaona. Sasa sisi tulikua tunaambiwa na wazazi wetu, kwamba tuna kwetu leo kwa sababu kuna vijana walitoka Mara, Mbeya, Mtwara, Tabora huko, hawajawahi hata kuuona mto Kagera, wakaja. Baba mpaka anakufa akiona mzee amevaa nishani anasimama anavua kofia. Kwa hiyo huyo babu yako ni wetu pia, ruhusa ya kumfanya kuwa mvuvi tu hatujaitoa.

Tena kuna jambo lingine. Vita ile haikupiganwa na JWTZ peke yake, walichukuliwa mgambo maelfu kwa maelfu, wakulima, polisi, magereza, JKT. Vita ilivyoisha mgambo wengi walirudi vijijini kwao wakashika jembe, hawakuwa na pensheni ya jeshi wala wasifu wa kozi. Kwa hao, kijitabu kama hicho chako ndo karatasi pekee itakayosema alikuwepo. Kama kati ya wale wazee waliokuwa wanamtembelea babu kuna mgambo, mwandike na yeye humo kwa jina, familia yake wakubali lakini.

Na siku mkipata nafasi waleteni wajukuu Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Julai 25, Siku ya Mashujaa, panapendeza zaidi ila siku yoyote panafikika. Mimi nilipeleka wanangu. Wale waliolala pale wengi walikuwa vijana wadogo, hawakupata kustaafu, hawakupata mtumbwi wala mjukuu wa kumfundisha kuvua. Ukitoka pale utaelewa kwa nini babu yako alikuwa na haraka ya kuishi namna ile aliyoishi.

---

Binti wa Kitui:

Pole sana ndugu yangu. Nimesoma hii nikiwa kazini nikashindwa kuendelea na kazi, wacha nikuandikie.

Babu yangu mzaa mama alikuwa KEYA, alienda Burma. Sisi Wakamba tulichukuliwa wengi sana kwenye hiyo vita. Alikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, hao walioteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa mvua zile za huko ambazo hazikatiki, matope yanameza magari, malaria inaangusha watu kuliko risasi, mpaka wakavuka mto Chindwin Desemba. Haya yote nimeyajua nikiwa mtu mzima, kwa kusoma. Yeye mwenyewe hakuyasema.

Yeye alikuwa mtu wa nyuki. Alikuwa na mizinga juu ya migunga na mibuyu huko kwetu, mingine imening'inizwa kilomita nyingi kutoka nyumbani, na njia nzima ilikuwa ni ya kutembea na wajukuu. Alikuwa anaenda kurina giza likiingia, na kinyesi cha ng'ombe kinachofuka moshi, na kabla ya kupanda anatunyamazisha wote, halafu anasikiliza mzinga kwa kuuwekea sikio, anasema hawa leo hapana, twendeni mwingine. Na asali hakumaliza hata siku moja, lazima aache masega ya wenyewe. Sasa Burma kwake ilikuwa nini? Aliniambia jambo moja la Burma kwa urefu, moja tu, kwamba kule kuna nyuki wakubwa kuliko wetu, hawaingii ndani ya mti, wananing'iniza sega moja kubwa wazi kwenye tawi refu juu kabisa, na kwamba aliwahi kusimama chini ya mti kama huo na bunduki begani akaangalia mpaka koplo wake akaja kumwita. Nilikuwa mdogo nikadhani ni hadithi ya kututuliza tulale. Juzi juzi ndio nikasoma kuhusu nyuki wa misitu ya huko nikakuta ni kweli kabisa, wapo na wanajenga hivyo hivyo alivyosema. Mtu amepelekwa upande wa pili wa dunia kupigania mfalme ambaye hamjui, analipwa kidogo kuliko askari mzungu wa cheo hicho hicho kwa sababu ya rangi, na alichorudi nacho cha kutupa sisi ni nyuki.

Tulipomzika ilisomwa tu eti alihudumu katika Vita vya Pili vya Dunia, na mhubiri akaendelea. Hakuna mtu alikuwa na kitu kingine. Ndiyo maana nakuomba, hayo ya uzi kwenye kidole usiache hata neno. Hivi unajua wale waliokufa kwenye vita ya kwanza ya wazungu, maaskari na wapagazi wetu, wengi hawana hata jina mahali? Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola wenyewe walikiri mwaka 2021 kwamba ni watu wasiopungua 116,000, na pengine mpaka 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali na majeshi wakiandika wanaandika namba, na mara nyingine hata hizo namba hawaandiki. Ya nyuki na ya samaki hakuna ofisi itakayokuja kuyauliza, ni wewe.

---

Mama wa Kota:

Mwanangu, mbona kwenye maelezo yako yote bibi amesema kitu kimoja tu cha kuezeka nyumba? Umemuuliza bibi?

Mimi ni mke wa mstaafu, nimeishi kota za jeshi karibu ujana wangu wote. Watu wanakuja wanamuuliza mzee habari za jeshi, mzee anajibu maneno matatu, wanaondoka. Hakuna anayegeuka kuniuliza mimi niliyelala naye chumba kimoja. Mimi ndo najua ni mvua gani inamwamsha. Mimi ndo najua kwa nini hataki mlango wa chumbani ufungwe kwa komeo, na kwa nini akikosa usingizi saa tisa usiku anatoka anaenda kukaa chini ya mwembe na mimi namwachia, najua akirudi atakuwa sawa. Nje ndo dawa yake. Madaktari wana majina yao siku hizi ya hali hiyo, zama zetu hakuna aliyetuambia kitu, tulijifunza wenyewe kwamba ukimwacha na shamba lake na mbuzi wake anatulia. Mi nadhani bibi yako anajua mengi kuhusu huo mtumbwi kuliko wote mnaobishana.

Ila usimwendee na kalamu ukamwambia bibi tueleze vita. Atakwambia mi sijui mambo ya vita. Muulize vitu vyake. Siku mumeo anarudi kutoka Uganda ulikuwa unafanya nini, ulikuwa umevaa nini, ulimpikia nini, watoto walimjua au walimkimbia? Vita ilivyoisha tukaambiwa tufunge mkanda miezi 18, ikawa siyo 18 tu, sukari hakuna sabuni hakuna, uliwalisha nini watoto wakati mume yuko kambini? Kaa naye wakati anachambua mchele au dagaa, mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka. Rekodi kwa simu, iweke tu pembeni na mwambie kwamba unarekodi, usimfiche.

Na asiyotaka kusema usimlazimishe wala usiyachape hata akiyasema akakwambia haya ni yako. Vya usiku vingine vinabaki kwa aliyevisikia.

---

Mjukuu wa Majita:

Aisee sijui niwashukuruje. Afande Sajinitaji, nimemsomea baba mkubwa kwa simu ujumbe wako wote kuanzia handaki mpaka Lukaya. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekata. Halafu akasema mwambie huyo mzee shikamoo, na akaniambia yeye babu alimwambia kitu tofauti kuhusu hiyo Lukaya, kwamba alimshika mwenzake mkono kwenye maji usiku kucha ili wasipotezane, na kwamba huyo mwenzake ndo yule mzee wa Bunda aliyekuwa anakuja kwetu kila baada ya mavuno na debe la mtama. Sisi wote tulikuwa tunamwita tu babu wa Bunda, tunapokea mtama, hatukuwahi kuuliza wamejuana wapi. Yuko hai, baba mkubwa ana namba ya mwanae, na amesema atakwenda mwenyewe kumwona.

Mama wa Kota nimekusikia, na nimeongea na bibi jana akiwa anaanika dagaa kama ulivyoshauri. Nimepata mengi siwezi kuyaandika yote hapa. Hili aliniruhusu. Babu alivyorudi 1979 hakupitia nyumbani kwanza. Watu walikuja kumwambia bibi mumeo ameonekana yuko ziwani, akaenda akamkuta amekaa majini na nguo zake zote, kombati na buti, amekaa tu maji yamemfika shingoni, na watoto wa wavuvi wamejaa ufukweni wanamshangaa. Bibi hakumwita. Alivua viatu akaingia akakaa naye. Baba yangu alikuwa mtoto mchanga yuko mgongoni kwa bibi, maji yalivyomgusa akalia, na babu ndo akageuka. Alikuwa hajawahi kumwona huyo mtoto. Bibi anasimulia huku anageuza dagaa, wala halii, mimi ndo nililia. Akaniambia andika, watoto wajue baba yao alipokelewa.

Mwana wa Missenyi nakuahidi vita haitakuwa mstari mmoja. Na Binti wa Kitui, habari ya nyuki nimemsomea bibi, amesema babu yako na babu yetu wangeelewana.

Sasa nina swali la mwisho la kiufundi. Picha zipo chache, moja ya studio amevaa sare, imepauka na pembeni imeliwa na mende, nyingine za simu za miaka ya karibuni akiwa kwenye mtumbwi. Na ile orodha ya kozi na vyeo niiweke wapi? Bajeti ni ndogo, ni karatasi nne za A4 zimekunjwa katikati.

---

Mchapaji Mwanza:

Mkuu mi kazi yangu ndo hiyo, natengeneza vijitabu vya misiba na kumbukumbu, ngoja nikupe ya kwangu.

A4 nne zikikunjwa unapata kurasa 16, zinakutosha sana. Ile picha ya studio usikubali mtu aisafishe kwa hizi programu za siku hizi zinazotengeneza uso upya, utaletewa mtu mwingine kabisa anafanana na babu. Iskani tu kwa ubora wa juu, angalau 600 dpi, halafu mweleze fundi aongeze weusi kidogo na hiyo pembe iliyoliwa aiache ilivyo. Usiipige picha kwa simu, inarudisha mwanga. Nyuma ya picha za zamani huwa kuna muhuri wa studio na tarehe, mara nyingine na maandishi ya mkono, skani na huko nyuma pia. Kama hakuna kitu basi muulize bibi na umwandikie wewe kwa penseli laini, kalamu ya wino inapenya mbele.

Jalada la mbele mi ningeweka ya mtumbwi, sare iingie ukurasa wa kwanza wa ndani, ila hilo mkubaliane na baba mkubwa, nishaona familia zimegombana kwa ajili ya jalada. Orodha ya utumishi usiitupe wala usiiweke mwanzo. Itengee ukurasa wake mzima kuelekea mwisho, namba yake ya jeshi ile ya MT, mwaka wa kuingia, vikosi, vyeo, nishani, mwaka wa kustaafu. Nakili kutoka kwenye vyeti vyake vyenyewe siyo kutoka kwenye wasifu wa mazishi, wasifu wa mazishi huandikwa usiku watu wamechoka, mwaka mmoja ukikosewa unabaki hivyo milele. Na kabla hujaleta kuchapa mpe mtu mwingine wa familia asome majina yote ya watoto na wajukuu, hilo ndo linaloniletea watu ofisini na hasira.

Ya Lukaya na ya bibi kule majini, hayo yape nafasi, usiyabane na maandishi madogo ili picha zienee. Bora upunguze picha mbili. Na acha ukurasa mmoja wa mwisho mtupu wenye mistari, siku ya ibada weka kalamu kadhaa pale mezani, wazee wataandika wenyewe wanavyomjua. Babu wa Bunda kama haoni vizuri mkalishe mjukuu mmoja pembeni yake amwandikie.